Haki yenye tunadai ku mugodi, tuianze ku choo chetu

Ndugu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Lualaba yote,

Kila mutu wa huku anajua hadithi ya Kasulo. Mu mwaka wa 2014, bwana mumoja alianza kuchimba nyuma ya nyumba yake. Kama vile alivyowaelezea majirani, hakuwa akitafuta mali. Alitaka shimo la choo. Alipopita kidogo mita mbili, chepeo ikagonga jiwe la kijivu lenye milia nyeusi na madoa ya kijani-buluu. Ilikuwa eterojeniti, jiwe lenye kobalti ndani. Habari ikatembea, na kartie ikaanza kuchimba: mu saloni, mu chumba cha kulala, pembeni ya jiko. Mu 2017 serikali ya jimbo ikahamisha mamia ya jamaa, sehemu ile ikazungushiwa ukuta, na kampuni moja ikapewa haki ya kununua madini yake.

Dunia iliandika mingi juu ya kobalti ya Kasulo. Swali moja tu hatujalisikia: yule bwana, choo chake alikipata?

Tunaliuliza bila kucheka. Muji wetu ulianzishwa mu 1937 kwa ajili ya shaba. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo, na sehemu kubwa ya ile inatoka huku kwetu. Lakini mu parseli nyingi, asubuhi, bado bantu wanapanga mustari mbele ya choo kimoja chenye mulango wa bashi, ndoo ku mukono. Ndiyo maana leo hatutaanza na migodi. Tutaanza na plombie.

Yenye ilitupata

Mu lupango yenye tunapanga, ku Manika, tuko jamaa tano, choo kimoja, kisima kimoja. Mu mvua iliyopita choo kilianza kuvuja chini. Ukivuta shase, maji yanatokea pembeni ya kiti. Tukamwambia bayeri. Akajibu: "Mungojee kidogo." Tukangojea mwezi muzima. Kiisha tukachanga franka wenyewe na tukatafuta mutu wa bei ya chini. Tukamupata kijana mumoja aliyekuwa akipita na nyundo na kamufuko ka sima. Hakuna aliyemuuliza amekwisha kufanya kazi wapi. Tukamupa franka yote asubuhi ile. Akamwaga sima pembeni ya kiti, akailainisha, akaenda. Kazi ya saa moja.

Siku kumi hivi, harufu ikarudi, mbaya kuliko mbele. Sima ilipasuka. Maji machafu sasa yalikuwa yanaingia chini ya sakafu, upande wa kisima. Watoto wawili wa lupango wakaanza kuharisha. Hatuwezi kuapa kwamba ni kisima njo kiliwagonjesha. Lakini tangu siku ile hakuna mama mu lupango aliyekubali kutumia maji yale bila kuyachemsha.

Hapo njo tulienda kumuona Papa fundi. Tutamwita vile tu. Anakaa nyumba chache kutoka kwetu. Alijifunza kazi mu Gécamines, akatoka mu 2003 pamoja na wale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wenye waliambiwa "départ volontaire". Tangu pale anafunga sanduku la vyombo vyake ku kinga na anatembea kartie kwa kartie. Tulikuwa tunapishana naye kila juma tukienda kuweka ma-CV ku milango ya kampuni. Hatukuwahi kufikiri kwamba ule anayepita ni mutu wa elimu.

Papa fundi hakugusa kitu kwanza. Akainama, akamwaga ndoo moja ya maji, akasikiliza. Akafungua kifuniko cha fosi. Akapima na kamba kutoka ku fosi mpaka ku kisima. Kiisha akatupa bei. Na sisi, wenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya sosiolojia, tukaanza kumubembeleza bei: "Papa, ni choo tu. Utupunguzie. Tutalipa nusu leo, ingine tutaona."

Akakaa juu ya ndoo yake, akatuangalia. Akasema: "Batoto bangu, siku ingine nilibaona ninyi mu barabara na bibao. Mulikuwa munasema kampuni ziheshimu bantu ba huku, zilipe ku wakati, ziache kuita batu ba mbali kwa kazi yenye batu ba huku banaweza. Ni muzuri. Sasa mimi, mbele yenu, niko nani?"

Hakuna mutu aliyejibu.

Tunafanya kwetu kile tunachokataa kwao

Tuko na Sheria no 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, juu ya su-tretansi, ni kusema kazi zenye kampuni kubwa inapatia kampuni zingine. Sheria ile inaweka kazi hizo mikononi mwa kampuni zenye mutaji wa Wakongomani. Kuna hata ofisi ya serikali ya kuisimamia, ARSP. Tunaidai sheria hii na hatutaacha kuidai. Jibu lenye tunasikia mara mingi ni hili: bafundi ba huku habatoshi, habana makaratasi, kazi yao haina garanti.

Sasa tuangalie mu lupango. Ni nani anamunyima fundi makaratasi? Ni sisi, tunapomupa kazi kwa mudomo tu, bila hata mustari mumoja kwenye karatasi. Ni nani anamuzoeza kufanya kazi bila garanti? Ni sisi, tunapochagua bei ya chini na kujifanya hatukujua. Ni nani anamulipa kwa "tutaona"? Ni sisi. Na kama teknisie angetoka mbali na gari lenye maandishi ku mulango, tungemulipa mara mbili, na tena tungemuletea Fanta ya baridi.

Kuna jambo lingine, na hili njo linatuogopesha zaidi. Wazee wetu wa Musonoi, wa Luilu, wa Kapata wanakumbuka wakati kampuni ilikuwa inatengeneza kila kitu mu kambi: robine, taa, choo. Robine ikiharibika, mutu wa kampuni anakuja. Kampuni ilifundisha bafundi juu ilikuwa na lazima nao. Kisha mugodi wa Kamoto ukaporomoka mu 1990, Gécamines ikaanguka, na ile huduma ikakufa. Elimu ikabaki mu vichwa na mikono ya wazee. Papa fundi leo hana mwanafunzi. Tulimuuliza juu ya nini. Akasema bei yenye tunamulipa inatosha chakula cha mutu mumoja. Mutoto wa kumufundisha naye anakula.

Kwa hiyo yule kijana wa nyundo, tuliyemutukana wiki nzima, nani alipaswa kumufundisha? Kama tunaendelea vile, kisha miaka kumi kampuni ikisema hakuna plombie mu Kolwezi, itakuwa inasema kweli. Na sisi njo tutakuwa tumeipa ile kweli.

Choo kiko na akili yake

Tulikuwa tunafikiri choo ni kiti na shimo. Papa fundi alitufundisha kwa nusu saa kile ambacho hatukukisoma miaka mitano ya iniversite.

Chini ya kiti kuna kona ya tiyo kama herufi S. Inaitwa sifo. Maji yanayobaki mule ndani ni mulango: yanazuia harufu na wadudu wa fosi kupanda mu nyumba. Patenti ya kwanza ya choo cha maji chenye kona ile ilitolewa mu 1775 kwa Alexander Cumming, Muskotishi, fundi wa saa. Kama mutu wa saa hakuona haya kufikiri juu ya choo, sisi wa lisansi tunaona haya ya nini?

Kati ya kiti na tiyo kuna mupira wa kuzuia maji. Wetu ulikuwa umekufa. Njo kilichokuwa kinavuja. Mupira mumoja. Kumwaga sima juu yake ni kama kufunga bandeji juu ya suruali: kidonda kinabaki, na tena hukioni. Tena tiyo iliyolala chini ilihitaji kuteremka hivi, sentimita mbili kwa kila mita. Yetu ilikuwa imelala sawasawa, kwa hiyo uchafu ulikuwa unasimama njiani. Na tiyo ya hewa, ile inayopanda mpaka juu ya paa, haikuwapo. Bila ile, maji ya nguvu yakipita yanaweza kuvuta maji ya sifo, mulango unafunguka, harufu inaingia.

Fosi septiki nayo si shimo tu. Mu chumba cha kwanza uchafu muzito unashuka chini, na vijidudu vinaukula polepole. Maji yanavuka mu chumba cha pili, kisha yanaenda ku pwiperdi, lile shimo lenye maji yanapotelea mu udongo. Ukimwaga javeli mingi kila siku juu ya usafi, unaua vijidudu vile, na fosi inajaa haraka. Na jambo hili mulishike sana: mutu asishuke mu fosi, hata kwa dakika moja, hata kuokota simu. Gesi ya ndani inaua, na inaua pia mutu anayeshuka kumuokoa mwenzake.

Namna ya kumupa fundi kazi

Tangu siku ile tumekubaliana mu kikundi chetu kanuni hizi. Tunawaomba muzifuate, mu lupango yenu, ku kanisa, ku masomo.

1. Mumutafute fundi wa kartie kwanza. Muulize majirani watatu wapi alifanya kazi, na muende muone choo chenyewe. Choo cha mwaka mumoja kinasema kweli kuliko maneno.

2. Asitoe bei mbele ya kuangalia. Mutu anayetoa bei ku simu bila kufungua kifuniko anabahatisha na franka zenu.

3. Muandike devi, hata kwenye karatasi ya kayee. Upande mumoja vifaa: tiyo, mupira, floteri, sima. Upande mwingine malipo ya kazi. Siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Saini mbili, kila mutu na kopi yake. Kwa ninyi ni usalama. Kwa fundi ni karatasi ya kwanza ya maisha yake ya kazi: kesho akiulizwa na kampuni alifanya nini, atakuwa na kitu cha kuonyesha.

4. Ku kenkayeri muende pamoja. Fundi achague, ninyi mulipe na mushike resi. Hivyo hakuna wa kumushuku mwenzake.

5. Mugawanye malipo ya kazi mara tatu: ya kuanza, ya katikati, na ya mwisho kisha majaribu. Ile ya mwisho mulipe siku ile ile. "Tutaona" si tarehe.

6. Muchunguze kazi pamoja naye. Mumwage ndoo tatu za haraka, moja moja. Muweke karatasi kavu kuzunguka kiti, muiache usiku muzima watu wakitumia choo. Asubuhi, kama karatasi iko kavu, kazi iko muzuri. Ikilowa, arudi bila malipo, na hilo liandikwe mu devi tangu mwanzo.

7. Kama kazi ni kubwa, muongeze kidogo ili aje na mwanafunzi. Tunajua franka haiko. Lakini jamaa tano wakigawana kale kadogo, hakuna atakayelala njaa, na kijana mumoja atajifunza kazi.

Na bayeri? Sheria haimufichi. Matengenezo makubwa ya nyumba ni mzigo wake, si wa mupangaji. Tena kuna Sheria no 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa, na garanti ya nyumba haiwezi kupita miezi mitatu. Sisi tulimupelekea bayeri wetu devi ya Papa fundi na resi zote, tukiwa wote jamaa tano, bila matusi. Alipiga kelele kidogo. Alipoona saini na hesabu, alikubali tukate kwenye kodi ya miezi miwili. Mbele, tulipoenda na mudomo mutupu, alikuwa anatufukuza. Karatasi inasaidia pande zote.

Kile ambacho fundi hawezi

Choo chetu leo kinafanya kazi. Lakini kuna kitu ambacho Papa fundi alikataa kutudanganya.

Ile kamba aliyopima kutoka ku fosi mpaka ku kisima ilikuwa mita kumi na moja. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yanafuata dunia yote ni mita 30 kati ya shimo la choo na maji ya kunywa. Sasa mutafute mita 30 mu lupango ya Kolwezi! Ukiogopa fosi yako, unakuta ya jirani iko nyuma ya ukuta. Hakuna plombie anayeweza kurefusha lupango. Kipindupindu nacho hakihitaji pasipoti: mu nchi hii kinarudi tena na tena, na kinapita ku maji.

Hapa njo kazi ya fundi inaisha na kazi ya serikali inaanza. Katiba yetu, ku kifungu cha 48, inahakikisha haki ya nyumba nzuri na ya maji safi ya kunywa. Umoja wa Mataifa ulitambua maji na usafi wa vyoo kuwa haki ya mwanadamu tarehe 28 Julai 2010. Na franka zinapita. Kodi ya mugodi iliyoandikwa mu Kodi ya Madini ya 2018 inagawanywa: 25% kwa jimbo, 15% kwa muji, komini ao shefri yenye mugodi uko ndani yake. Juu ya ile, kila kampuni inapaswa kutenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji.

Kwa hiyo tunadai, wazi na kwa utulivu:

Kwanza, muji wa Kolwezi na komini za Dilala na Manika zibandike ku ukuta wa ofisi, kila miezi mitatu, ni sehemu gani ya ile 15% ilienda ku maji na ku vyoo. Kwa lugha yenye mama wa soko anaelewa.

Pili, tiyo za maji safi zifike mu kartie zenye visima vimezungukwa na fosi, na zipewe nafasi ya kwanza mbele ya taa za barabara kubwa.

Tatu, kuwe na mahali pa halali pa kumwaga uchafu wa fosi. Leo mwenye kujaza fosi hajui ampigie nani, na wengine wanafungulia usiku mu mutaro wakati mvua inanyesha.

Ine, kila masomo ao kituo cha afya kinachojengwa na zile 0.3%, vyoo vyake vifanywe na bafundi ba pale, kwa devi ya wazi, na wanafunzi wa kazi ndani. Na INPP, shirika la serikali lenye kufundisha kazi tangu 1964, liwape mutihani na cheti wazee kama Papa fundi wenye elimu bila karatasi.

Kazi ya juma hili

Hatuwaombi kupiga kelele mu simu tu. Jumamosi hii, kila mumoja wenu achukue kamba, apime mu lupango yake: kutoka ku fosi mpaka ku kisima ni mita ngapi? Fosi ya jirani je? Muandike jina la avenyu na namba hizo, musiandike majina ya bantu. Muzipeleke kwa shefu wa kartie, muombe aweke muhuri ku kopi yenu. Tukienda komini na karatasi mia zenye muhuri, hawatasema ni vijana wa kelele. Watakuwa mbele ya devi.

Na ukipita mbele ya fundi na kinga yake, umusalimie kama vile unamusalimia dokta. Yule kijana wa nyundo, kwa habari yenu, tulimutafuta. Alikuja akiwa na hasira, akidhani tunataka franka zetu. Sasa anashika tiyo wakati Papa fundi anakata. Hajui mingi bado. Na sisi bado tuko bashomeri, hatutadanganya. Lakini siku ya majaribu, tulipokuta karatasi kavu asubuhi, lupango nzima ilipiga mikono.

Yule bwana wa Kasulo alitaka choo, dunia ikampata kobalti. Sisi tunataka vyote viwili vihesabiwe. Kobalti ihesabiwe ku mugodi. Choo kihesabiwe huku, na kianze ku mukono wetu.

Tusimame. Na tulipe ku wakati.